Nikon P900: kamera ya kumpiga picha mzima moto bila kumziba njia

Kila ninapoonyesha picha zangu za moto wa Kilimanjaro, naulizwa nilitumia lenzi gani. Sina lenzi ya kubadilisha. Ni Nikon Coolpix P900, kamera ya kipande kimoja iliyotoka mwaka 2015, ambayo niliinunua mkononi hapa Moshi kwa laki nane kutoka kwa mtu aliyekuwa akipigia picha ndege. Ukitafuta maoni ya watu kuhusu kamera hii utakuta mwezi, utakuta ndege, na hapo habari inaishia. Mimi nimeipa kazi nyingine: watu wanaozima moto kwenye mteremko.

Naongoza watalii njia ya Marangu. Picha napiga kwa mapenzi, sijawahi kuuza hata moja. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulipowaka pale Whona, kati ya vituo vya kulala vya Mandara na Horombo, wageni walikuwa wachache kwa sababu ya korona na wengi wetu tulikuwa majumbani. Tukapanda. Askari wa hifadhi, zimamoto, wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, wagumu (wabeba mizigo wa mlimani), wananchi wa vijiji vya chini, wote na mapanga, majembe na matawi mabichi. Kundi letu lilikuwa la kupandisha maji na chakula. Tukishatua mizigo na kusubiri amri ya kushuka, ndipo nilipotoa kamera.

Sasa niseme kwa nini naitetea. Kwenye moto wa mlimani, mpiga picha asiye na kazi pale mbele ni mzigo. Njia ni nyembamba, moshi unageuka ghafla, na moto unaopanda mteremko una mbio kuliko mtu anayepanda mteremko huohuo. Ukisimama juu yake umejiweka pabaya, na atakayetumwa kukutoa ni yuleyule aliyetakiwa kuwa anazima. Mahali pa mpenzi wa picha ni ng'ambo ya bonde, au kwenye ardhi iliyokwisha kuungua na kupoa. Lakini ukiwa ng'ambo na simu, unachopata ni mlima na moshi. Watu hawaonekani. Na mimi nilitaka watu.

P900 inavuta mara 83, kutoka milimita 24, ambapo picha ni pana, hadi milimita 2000, ambapo kitu cha mbali kinaonekana karibu. Ukiwa umbali wa kilomita moja na umevuta hadi mwisho, picha yako inameza upana wa mita 18 tu za mteremko. Unamwona mtu kuanzia kichwa hadi miguu, unaona mikono yake imeshikaje tawi. Ndivyo nilivyoona jambo ambalo sikuwa nimeligundua nikiwa karibu: wanaojua kazi hawapigi moto kwa kuinua tawi juu ya kichwa. Wanalikandamiza kwenye majani na kulivuta kuelekea palipoungua, ili cheche zisiruke mbele. Mgeni wa kazi anapiga kwa nguvu na kuzitawanya. Ukiweka picha mbili za namna hiyo pamoja, mtu anaelewa bila maelezo.

Kitufe ninachokipenda kuliko vyote kiko ubavuni mwa lenzi, upande wa kushoto. Ukivuta mbali sana ni rahisi kumpoteza mtu, maana ukisogea kidogo tu umehamia kichaka kingine. Bonyeza kitufe hicho, picha inarudi pana, mtafute mtu wako, achia, inarudi pale ulipokuwa umevuta. Kwa wazima moto, ambao hawatulii sehemu moja, hiki peke yake kimeniokolea picha nyingi.

Lakini usidanganyike na hiyo 2000. Hewa ya juu ya moto inachemka, na kamera haiwezi kuituliza. Mchana, ukivuta hadi mwisho kupita juu ya bonde lililopata joto, nyuso zinayeyuka na kingo za miti zinatetemeka. Kinga ya mtikisiko iliyomo ndani inatuliza mkono wako tu. Nimezoea kuishia kati ya milimita 400 na 800. Kwenye 800, kwa kilomita moja, unapata upana wa mita 45, na hapo kikosi kizima kinaingia: anayefyeka, anayepiga, anayefuata nyuma na jembe kufukua moto uliojificha kwenye mizizi na mboji. Kwangu picha hiyo ina maana kuliko uso mmoja uliojaa fremu.

Saa nzuri ni alfajiri. Usiku upepo wa mlimani hushuka, hewa inapoa na kupata unyevu, moto unalala chini. Wazima moto wanaitumia nafasi hiyo kuufuata kabla jua halijapasha mteremko na upepo kugeuka kupanda. Na ndiyo saa ambayo hewa imetulia kiasi cha lenzi ndefu kuona vizuri. Ukiamka saa tatu, umekuta kazi kubwa imeshafanyika na picha zako zote zina ukungu wa joto.

Moshi unahitaji maelezo zaidi. Fokasi ya kamera hii inatafuta tofauti ya mwanga na giza, na moshi ndiyo kitu kinachoifuta tofauti hiyo. Kamera yoyote ya namna hii itahangaika. Dawa yake ni kulenga kitu chenye kingo kilichoko umbali uleule na mtu wako: shina lililoungua, mwamba, mpini wa jembe. Bonyeza kitufe cha kupigia picha hadi nusu, shikilia, rudi kwa mtu, piga. Na kwa kuwa moshi mweupe unang'aa, kamera inadhani pana mwanga mwingi na kuwafanya watu kuwa vivuli vyeusi. Ongeza mwanga kidogo. Jioni mambo yanageuka: punguza, la sivyo ndimi za moto zinakuwa madoa meupe yasiyo na umbo. Rangi nayo usiiachie kamera. Chini ya moshi mzito jua linakuwa la chungwa, na kamera ikiachwa ijiamulie itaifuta hiyo chungwa na kukupa siku ya kawaida ambayo haikuwepo. Kwenye mpangilio wa rangi (white balance) chagua alama ya jua na uache hapo.

Haya ni muhimu kwa sababu P900 haitoi faili ghafi za RAW, ni JPEG tu. Ulichokosea mwanga pale mlimani hutakirekebisha sana nyumbani. Sensa yenyewe, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo, ya ukubwa ule wa kamera za mfukoni, kwa hiyo ukipandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) kupita 800 chembechembe zinaanza kuonekana. Ukiwa Moshi mjini usiku unataka mstari mwekundu wa moto mlimani, tumia stendi, lenzi ikiwa pana ambapo tundu la kupitisha mwanga liko wazi kabisa, f/2.8, na kasi ya taratibu ili mwanga uingie kwa muda mrefu. Ukivuta, tundu linajifunga hadi f/6.5 na mwanga unakuwa haba.

Mfululizo wa picha ni saba kwa sekunde, na zikifika saba inasimama ili ziandikwe kwenye kadi. Kwa hiyo hupigi hovyo. Unamsubiri mtu ainame, ndipo unapiga.

Majivu ndiyo adui wa kila kamera kule juu. Hapa kukosa lenzi ya kubadilisha kunakuwa neema, kwani hakuna sababu ya kufungua chochote katikati ya vumbi jeusi. Hata hivyo, kamera hii haijazibwa dhidi ya vumbi, na lenzi yake inatoka nje ndefu. Funga kichujio cha milimita 67 mbele, na kabla ya kuizima futa shingo ya lenzi kwa brashi laini, usiirudishe ndani na majivu yake. Betri inakadiriwa picha 360, ila baridi ya mita 3,000 na zaidi inaila haraka. Yangu ya akiba hukaa mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Ina GPS. Iwashe ukiwa kwenye moto hata kama inakula betri, kwa sababu picha yenye saa na mahali ulipopigia ina faida kwa watu wa hifadhi kuliko picha nzuri tu. Moto ule wa 2020 ulichoma kilomita za mraba 95.5. Sehemu kubwa ni vichaka vya erika, mimea inayonasa maji ya ukungu na kuyaacha yadondoke ardhini, maji ambayo sisi huku chini tunayategemea. Mwaka 2022, mwezi huohuo wa Oktoba, moto mwingine uliwaka karibu na kambi ya Karanga, juu kabisa, karibu mita 4,000. Picha za mpenzi yeyote, zikiwa na tarehe na mahali, zinaweza kuwekwa sambamba miaka kumi baadaye kuona erika imerudi wapi na wapi haijarudi.

Jambo moja zaidi kuhusu kuvuta mbali: aliyeko ng'ambo hajui unampiga. Mtu amelala chali kwenye majivu, amechoka, mdomo wazi. Picha hizo sizitoi mpaka nimempata mwenyewe na amekubali. Wagumu wengi niliowapelekea zao waliomba zichapishwe, na megapikseli 16 zinatosha kabisa kwa karatasi ya A4.

Ukiwa na uwezo wa kuongeza hela, tafuta Nikon P950 ya mwaka 2020: inavuta vilevile mara 83 na inatoa RAW, na kwa moshi na moto tofauti hiyo ina thamani. Nikon P1000 inafika milimita 3000, lakini ina uzito wa karibu kilo moja na nusu, na hewa ya moto haitakuruhusu kuitumia hiyo 3000. Kwa mwenye laki nane anayetaka kuanza, chukua P900 iliyotumika. Kabla ya kulipa ivute hadi mwisho na kuirudisha mara kadhaa huku ukisikiliza kama lenzi inakwaruza.