The Dry: muvi ya taratibu iliyonikausha koo

Wadau kama unataka risasi kila baada ya dakika tano hii ipite tu, sio yako. Ila kama we ni mtu wa kumkodolea mtu macho ukijiuliza huyu anaficha nini, itafute The Dry ya Robert Connolly, steringi ni Eric Bana.

Bana anaitwa Aaron Falk, polisi wa kesi za pesa huko Melbourne, Australia, anarudi kijijini kwao Kiewarra kumzika rafiki yake wa utotoni, Luke. Inasemekana Luke kamuua mke na mtoto wa kiume halafu akajimaliza, kabaki kichanga tu. Wazazi wa Luke hawaamini, wanamwomba Falk achunguze. Sasa shida ni kwamba miaka 20 nyuma binti mmoja, Ellie, alikufa mtoni na watu wakamnyooshea kidole Falk huyohuyo mpaka yeye na baba yake wakahama, kwa hiyo kila akiingia baa watu wanamwangalia kama muuaji, na chumba cha kulala kapanga humohumo baa!

Kilichonishika mimi ni ukame. Mvua haijanyesha karibu mwaka mzima, kamera inapita juu ya mashamba unaona vumbi tupu, watu midomo imepasuka, wana madeni na hasira za karibu, ndo maana mtu akiambiwa jirani kaua familia anaona inawezekana kabisa. Halafu ule mto. Kwenye kumbukumbu za zamani vijana wanaogelea, maji yamejaa, wanacheka, ukirudi leo Falk kasimama palepale mto umekauka kabisa na hakuna anayekufafanulia chochote, unaachwa uangalie mwenyewe.

Na karibu na mwisho (sisemi ni nani) kuna mtu anatoa laita porini, nyasi zote kavu, kijiji kiko jirani. Aisee. Polisi wapo ila bastola itasaidia nini pale, akiiachia tu kila kitu kinaungua, nilijikuta nimeshika mto wa kochi kwa mikono miwili. Yaani ule ukame uliokuwa unauona tangu mwanzo ukadhani ni mandhari tu, kumbe ndo silaha yenyewe.

Lawama zipo. Kurukaruka kati ya zamani na sasa kunachanganya mwanzoni, lafudhi yao ya Kiaustralia weka maandishi tu usijitese, na mapenzi ya Falk na Gretchen, rafiki yake wa tangu ujana, yananing'inia nusunusu.

Kuna ya pili, Force of Nature, ilitoka 2024, humo ni misitu na mvua, nimeimaliza lakini presha ile sikuiona. Anza na hii. Naipa 8 kwa 10, mbili nimezikata kwa ajili ya Gretchen.