Kadi ya AAA: Inafaa kwa Sisi wa Safari Ndefu? Usiku Wetu wa Farmer City

Hii hapa. Subirini kamera iishike vizuri... mnaiona sasa? Kadi ya AAA, ile wengi tunaiita Tripo Ei, chama cha wenye magari cha Marekani kinachokusaidia gari likikwama barabarani. Yangu ni daraja la Plus. Huu ni mwaka wangu wa tatu kuilipia, na tangu tumerudi kutoka msibani Des Moines simu yangu haijapumzika. “Dada, ile kadi uliyoitoa usiku ule ni ya nini?” “Dada, mimi nina bima kamili, hiyo nyingine ya kazi gani?” Basi leo tukae tuizungumze mpaka iishe. Wakubwa wangu wote mlioko Iowa, shikamooni, na poleni tena na msiba.

AAA ni nini sitaeleza sana, nembo yake mnaiona kila siku kwenye magari ya kuvuta. Madaraja ni matatu: Classic, Plus na Premier. Bei inatofautiana, maana AAA ni shirikisho la klabu nyingi na kila klabu ina eneo lake na bei yake. Unaandika zip kodi yako, ile namba ya posta ya eneo lako, kwenye tovuti yao, inakupeleka kwenye klabu yako. Plus yangu hapa Louisville, Kentucky, ni dola 100 na ushee kwa mwaka. Gari likizima wanakuvuta, betri ikifa wanaibusti, pancha wanakufungia tairi lako la spea, mafuta yakiisha wanakuletea, ukifungia ufunguo ndani wanakufungulia. Mara 4 kwa mwaka. Hayo mnayajua, tuyaache.

Ninachotaka kukionesha leo ni kimoja, na watu wengi wenye kadi hii wala hawakijui. Nimeazima vigari vya mwanangu, ngojeni nivipange hapa mezani. Hiki chekundu ni gari langu. Hiki cha bluu ni van ya shemeji yangu. Hiki cheupe ni cha jirani. Sasa bima yako ya gari, ile huduma ya barabarani unayoongezewa kwa dola chache kila mwezi, imekaa hapa, juu ya hiki chekundu. Naibandika, hii karatasi ya njano. Chekundu kikiharibika, unasaidiwa. Ukipanda cha bluu, karatasi imebaki nyumbani na chekundu.

Kadi hii haibandikwi kwenye gari. Inakaa kwako wewe, mtu. Nikiwa kwenye chekundu, ninayo. Nikipanda cha bluu cha shemeji, ninayo. Nikikaa kiti cha nyuma kabisa kwenye cheupe cha jirani, nimebeba mtoto, sijagusa usukani, bado ninayo. Wanachotaka ni mwenye kadi awepo hapo gari lilipokwama, na aoneshe kitambulisho chenye picha. Mwenye gari hawana haja naye.

Na sisi tunasafirije, ndugu zangu? Nani kati yetu huenda msibani peke yake kwenye gari lake? Ukipigwa simu kwamba mzee amefariki Iowa, mnahesabiana: nani ana van, nani yuko zamu kazini, nani ana leseni. Mnajaa watu saba kwenye gari la mtu mmoja, mafuta mnachanga, mnaondoka. Harusi hivyo hivyo, mahafali hivyo hivyo. Kwa maisha hayo, kadi inayomfuata mtu ina thamani kubwa kuliko inayolifuata gari.

Sasa nisimulie usiku wenyewe. Ilikuwa Januari. Tulitoka Louisville alasiri, tukapanda barabara kuu ya I-65 hadi Indianapolis, tukashika I-74 kuelekea magharibi. Van ya shemeji, watu saba, wawili watoto. Tumepita Champaign, ile taa ya betri kwenye dashibodi ikawaka. Shemeji akasema tufike tu Bloomington. Hatukufika. Karibu na Farmer City, mji wa Illinois, taa kubwa zikaanza kufifia, redio ikakata, gari likawa zito, akaliweka pembeni. Alteneta, ile inayochaji betri, imekufa. Nje ni mashamba ya mahindi yaliyovunwa, hakuna kitu cha kuzuia upepo, na malori yanapita yanatikisa van nzima.

Shemeji alipiga simu kampuni yake ya bima. Sitaitaja, na simu haikuwa yangu. Akaambiwa huduma ya barabarani haimo kwenye bima yake tena, iliondolewa alipobadilisha mpango. Yeye hakujua. Nikamwambia, shemeji, tulia, mimi ninayo. Nikafungua programu ya AAA kwenye simu, nikaeleza tatizo, ramani ikaonesha tulipo, nikaandika gari ni la aina gani. Hapo ndipo mama mkwe akaniuliza kutoka nyuma: “Lakini mwanangu, gari si lako, watakubali?” Walikubali. Brekidauni ilifika baada ya saa moja kasoro. Dereva akatazama kadi, akatazama leseni yangu, basi. Kuhusu van ni ya nani hakuuliza.

Sasa sikilizeni hili vizuri. Kichwa cha brekidauni hakichukui watu saba. Yule aliweza kubeba wawili tu. Kilichotuokoa ni gari la akina mama wa kwaya lililokuwa nyuma yetu. Lilikuja likabeba watoto na wazee. Kama mko gari moja peke yenu, pangeni hilo kabla ya kutoka nyumbani: nani aliye karibu na njia mnaweza kumpigia? Mablanketi na maji ndani ya gari, kila baridi. Hilo kadi haitakupa.

Tuje kwenye maili, hapa nina hasira kidogo. Naweka ramani kwenye kioo. Hii ni Farmer City. Kwa Classic, klabu nyingi zinakuvuta maili 5 bila malipo, nyingine 7. Ngoja nichore duara la maili 5 kuzunguka tulipokuwa. Mnaona kilichomo ndani? Mji wenyewe, mdogo, na mashamba. LeRoy iko nje ya duara. Champaign iko nje, Bloomington iko nje. Usiku ule ungefanya nini ndani ya duara hilo, na gereji zimefungwa? Ungevutwa mbali zaidi, ndiyo, lakini kila maili ya ziada unalipa wewe.

Plus ni maili 100. Nachora duara la pili... linatoka nje ya kioo, mnaona? Sisi tulikuwa na ndugu Peoria, na fundi anayemjua. Peoria iko mbele, njia ile ile ya kwenda Des Moines, maili kama 65. Tukasema, tupelekeni Peoria. Hatukurudi nyuma hata maili moja! Dereva aliniambia kampuni yake humtoza asiye na kadi dola 6 kila maili juu ya ada ya kunyanyua gari. Toa maili 5 za Classic, zinabaki 60. Mara 6. Dola 360. Tofauti ya bei ya Classic na Plus kwa mwaka ni kama dola 40 au 50. Mnanielewa kwa nini nasema anayesafiri majimbo asinunue Classic? Classic ni ya mtu anayekwenda kazini na kurudi, gari likizima kwenye maegesho ya duka la Kroger anavutwa hadi gereji ya jirani. Barabara kuu usiku ni habari nyingine.

Premier nilitaka kuipita haraka. Inakupa kuvutwa mara moja hadi maili 200, zile nyingine ni 100 kama Plus. Kwangu nilisema hapana. Lakini wiki hii nimezungumza na kaka mmoja anayekwenda Dallas mara kwa mara kuleta bidhaa za duka lake, gari lina maili 190,000, nikaanza kufikiri tena. Huyo achukue Premier. Mwingine mwenye safari mbili tatu kwa mwaka abaki Plus.

Kabla sijasahau: kipindi chetu cha moja kwa moja cha Jumapili kimehamia saa mbili usiku saa za hapa Louisville, kwa sababu wengi mlioko Arizona mmelalamika kwamba tunaanza mkiwa kanisani. Na asanteni, tumefika watu 4,000. Nilianza na dada zangu watatu na simu iliyopasuka kioo. Bonyezeni kengele, inanisaidia.

Turudi. Washindani. Bima nimeshaigusa, naongeza jambo moja: zipo kampuni zinazoandika kila mwito wa barabarani kwenye kumbukumbu zako kama dai. Uliza kabla hujapiga simu. Kadi nyingi za benki za Visa nazo zina namba ya kupiga, lakini unalipa kila unapoitumia. Gari jipya kutoka kiwandani mara nyingi huja na huduma yake. Toyota mpya, kwa mfano, inakuja na miaka 2. Kama umenunua jipya jana, usilipe mara mbili, subiri iishe. Lakini wengi wetu hapa tunanunua magari ya mnada, tuseme ukweli.

Halafu kuna msaada wa bure kabisa ambao watu wetu hawaufahamu. Kentucky kuna magari ya doria ya barabara kuu, yanaitwa SAFE Patrol. Indiana kuna Hoosier Helpers. Iowa kuna Highway Helper. Wanakubusti betri, wanakusaidia pancha, hawachukui hata senti. Ukimwona mmoja amesimama nyuma yako na taa za njano, usiogope, hajaja kukukamata. Ila wengi wao wako kwenye barabara za mijini na karibu na miji. Mashambani kule Illinois tulipokwama sisi, nilitazama huku na huku, sikuona gari la doria hata moja.

Mapunguzo. Wauzaji wa kadi wanapenda sana kuanza na mapunguzo. Hoteli za Hilton, Marriott, Best Western zina bei ya wanachama, mara nyingi asilimia 5 hadi 10 chini. Lakini jiunge bure na mpango wa hoteli yenyewe, uone bei. Mara nyingi tofauti ni ndogo mno. Mimi nisingenunua kadi kwa ajili ya hoteli. Hertz, wale wa kukodisha magari, ni jambo lingine, hapo nimenufaika: dereva wa pili mwenye kadi naye haongezewi malipo, na kijana mwanachama wa miaka 20 hadi 24 anasamehewa ile ada ya umri. Mwanao wa chuo akikodi gari wiki nzima, ada ile peke yake inaweza kupita bei ya kadi.

Mmoja ameuliza kama inafanya kazi nje ya Marekani, hata nyumbani Afrika Mashariki. Kanada, ndiyo: ukienda Toronto au Windsor, klabu za kule za CAA zinakuhudumia kwa kadi hii hii. Ukiwa njiani Moshi kwenda Tanga, au Mombasa kwenda Voi, usiitegemee. Kenya kuna AA ya Kenya, chama cha tangu 1919, ni taasisi nyingine na uanachama wake ni mwingine. Ila ofisi za AAA zinatoa kibali cha kimataifa cha kuendesha gari, kinachoambatana na leseni yako ya Marekani. Unakwenda na leseni, picha mbili za pasipoti na kama dola 20, kinadumu mwaka mmoja. Na hicho hupewa hata asiye mwanachama, kwa hiyo mtu asikuuzie kadi kwa sababu hiyo.

La mwisho, na hili limewaumiza watu. Usisubiri gari lizime ndipo ujiunge. Maili zile za Plus mara nyingi haziwi zako siku ile ile unayolipa. Klabu nyingi zinakuwekea siku kadhaa za kusubiri. Msiba hautoi taarifa. Jiunge leo, ukiwa huna safari. Na mkiwa mke na mume, usinunue kadi mbili kamili: wa nyumba moja wanaongezwa kwenye kadi ya kwanza kwa bei nafuu, na kila mmoja anapata kadi yake. Msiachie kadi moja ikae kwa baba, yuko kazini Louisville, nyinyi mmekwama Illinois. Asipokuwepo hapo barabarani, haiwasaidii.

Mimi jana nimemwongeza mama mkwe. Hana gari, hajawahi kuendesha maisha yake yote, na kila safari ya ukoo yumo. Arobaini ya mzee ni Jumamosi. Ijumaa alfajiri tunaondoka tena, van ile ile, alteneta mpya, na safari hii kadi ziko mbili ndani ya gari. Nitabeba kamera. Mlioko Peoria, chai tutanywa kwenu.