Kununua Taa ya Refujiamu: Kagua Mahali Waya Unapoingia Kabla ya Kusoma Wati

Taa ya kwanza niliyoinunua kwa ajili ya refujiamu yangu, yaani sehemu ya akwaria ya maji ya bahari ambamo mwani hukuzwa ili ufyonze uchafu wa majini, ilidumu miezi mitano. Ilikuwa paneli ya kukuzia mimea, yenye mwanga wa zambarau na feni mbili mgongoni, na boksi lake lilitangaza wati 1,000 ilhali mita niliyoichomeka kwenye soketi ilionyesha 110. Udanganyifu huo wa wati ningeusamehe, kwa kuwa mwani wangu wa Chaetomorpha ulikua vizuri. Nisichoweza kukisamehe ni kile nilichokikuta siku taa ilipoanza kupepesa: feni zilikuwa zimevuta hewa ya chumvi hadi ndani, skrubu zimeliwa na kutu, na pale waya ulipoungwa kwenye bodi pamefanya ukoko wa kijani. Wakati huo mwani ulikuwa umekwisha kupauka na kuanza kuoza, ukirudisha majini naitreti na fosfeti zile zile ulizokuwa umezifyonza, lakini chini ya mwanga ule wa zambarau sikuweza kuona rangi yake ikibadilika.

Wasomaji wanaoniandikia kuhusu taa hizi huuliza karibu wote juu ya wati na rangi ya mwanga. Jibu langu kwa hayo ni fupi. Klorofili hufyonza zaidi mwanga wa buluu, kwenye nanomita 430 hadi 450 hivi, na mwekundu wa karibu na 660. Taa ya LED ya rangi nyeupe ya kelvini 6,500 ina buluu ya kutosha na wekundu kiasi, na Chaetomorpha huota chini yake bila matatizo. Mwani si mmea wa kudekezwa. Kinachoziua taa za refujiamu ni chumvi, na hicho ndicho kipengele ambacho orodha nyingi za ununuzi hazikigusi.

Lita moja ya maji ya bahari hubeba takribani gramu 35 za chumvi. Kila kiputo kinachopasuka pale maji yanapoangukia kwenye sampu, yaani tangi la chini linalokaa kabatini chini ya akwaria, hurusha matone madogo sana, ambayo hukauka juu ya taa na kuacha chumvi. Chumvi ya bahari ina kloridi ya magnesiamu, ambayo huvuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo kiungo cha waya kilichokwisha kupata chumvi hakikauki tena hata kama hakiguswi na maji. Baya zaidi ni kwamba maji hayo hupenya katikati ya nyuzi za shaba ndani ya ganda la waya na kupanda ndani kwa ndani, usiyaone, hadi kwenye adapta. Shaba iliyoliwa hivyo ikidondokea kwenye sampu huwa sumu kwa kamba, konokono na matumbawe, hata kwa kiasi kidogo.

Ndiyo maana mimi huanza na mahali waya unapoingia kwenye mwili wa taa. Je, pamezibwa kwa gundi ngumu ya resini au pana kipande cha mpira kinachozunguka ukikishika? Adapta iko mbali na taa, au imo ndani yake? Kuna feni? Namba za IP, zinazoonyesha jinsi kifaa kinavyozuia vumbi na maji, husaidia, lakini si kwa kiwango wauzaji wanachodai: IP65 inamaanisha kwamba taa haiingizi vumbi na inahimili maji ya kurushiwa, na IP67 kwamba inahimili kuzamishwa hadi mita moja kwa dakika 30. Hakuna kati ya namba hizo inayopima kutu.

Kwa vigezo hivyo, taa ninayoiweka mbele ya zote ni Tunze 8831, ya kampuni ya Ujerumani ambayo imetengeneza vifaa vya akwaria kwa miongo mingi, na sifichi kwamba naipendelea. Imefungwa kabisa, haina feni, hushikiliwa na sumaku kwenye kioo, na inaweza kukaa ndani ya maji yenyewe. Hakuna tundu la kupitisha hewa ya chumvi. Nimeifuta kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi kila mwezi, na mahali waya unapoingia pangali kama siku nilipoitoa kwenye boksi.

Ya pili ni Kessil H80, ambayo nayo haina feni na adapta yake iko nje; hii lazima ining'inie juu ya maji, mbali na mahali yanapoangukia. Kessil H380 ina nguvu zaidi na hukuza mwani kwa kasi ambayo refujiamu kubwa inahitaji, lakini ina feni, na kwa sababu hiyo tu naiteremsha hadi nafasi ya tatu. Anayeinunua aiweke nje ya kabati.

Ya nne ni flodilaiti nyeupe ya LED yenye IP65, ile inayofungwa kwenye kuta za nje. Ni ya bei nafuu na hufanya kazi, ila mara nyingi huja na waya mtupu usio na plagi, na hapo ndipo watu wanapoharibu. Nyingi za bei ya chini hazina draiva ya pekee, yaani kifaa cha kupunguza umeme kabla haujafika kwenye LED, kwa hiyo kibao cha LED kimo kwenye umeme kamili wa nyumba, na mpira wa kioo ukivuja, umeme huo hukutana na chumvi. Waya wa ethi, ulio wa kijani na njano, lazima uungwe, kwa kuwa mwili wa taa ni wa chuma. Usisokote nyaya na kuzifunga kwa tepu. Ziunge ndani ya kisanduku kisichopitisha maji, kilichofungwa nje ya kabati la sampu na juu ya usawa wa maji, waya ukiingilia upande wa chini. Kabla haujafika kwenye soketi uache ulegee uning'inie kama bembea, ili tone linaloteremka lidondoke pale chini badala ya kuufuata hadi kwenye plagi. Saketi yote ipitie kwenye kikatizi cha umeme unaovuja, cha miliampea 30 au chini ya hapo, lakini kisiwe kile kile kinachobeba pampu ya kurudishia maji, maana taa ikivuja usiku itazima na uhai wa tangi zima. Na ni usiku hasa ambapo taa hii huwaka, ili mwani utumie kaboni dioksidi inayoongezeka gizani na kuzuia pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, isishuke sana. Asiye na uzoefu wa kuunga umeme amwite fundi.

Balbu za kubana kwa kibano na paneli zenye feni sizipendekezi kwa mtu yeyote.

Wauzaji nao wana sehemu yao ya lawama. Huandika “haipitishi maji” bila namba ya IP, na huuza taa bila kuuza adapta ya akiba, hivi kwamba kifaa kidogo kikifa unalazimika kununua taa nzima upya. Nilipoirudisha paneli yangu, niliambiwa kwamba dhamana haihusu uharibifu wa chumvi, ingawa katika tangazo lao taa hiyo hiyo ilipigwa picha ikiwa imening'inizwa juu ya sampu ya maji ya bahari. Tangu siku ile, kabla ya kulipa, humtaka muuzaji aandike kwa mkono wake kwamba dhamana inahusu matumizi juu ya maji ya chumvi, na anayekataa kuandika sinunui kwake.