Uzoefu wangu na miniDSP 2x4 HD: besi ya sebuleni imeacha kuvuma, sasa inapiga

Kama una sabufa ya maana alafu ukiongeza sauti nyumba nzima inavuma ila ngoma yenyewe huisikii vizuri, hii inakuhusu. miniDSP 2x4 HD ni kiboksi cha kurekebisha sauti kabla haijafika kwenye spika. Mimi natumia amplifaya ya stirio ya kawaida, spika mbili za kusimama na sabufa ya inchi 12 yenye amplifaya yake ndani. Sebule ni hizi zetu za Dar mnazozijua, ukuta wa bloku, tailizi chini, jipsamu juu, madirisha ya alumini, urefu mita 4.3 na upana 3.6. Kila fundi niliyemuuliza jibu lake lilikua badilisha sabufa, mwingine ndo kabisa anataka kuniuzia mzigo wa inchi 15, eti besi yangu ni ndogo. Besi ndogo wakati mama watoto kashahamisha glasi zote kabatini kwa sababu zinalia!

Muziki wa dansi ndo ulionionyesha tatizo liko wapi. Zile nyimbo ambazo gitaa la besi linatembea, kuna noti moja ikiguswa tu sofa linatetemeka, zinazofuata hazisikiki kabisa, alafu ikirudi ileile nyumba inanguruma tena. Nikachukua futi nikapima chumba. Kwenye joto la huku, nyuzi 30 hivi, sauti inakimbia kama mita 349 kwa sekunde (vitabu vingi vinaandika 343, hiyo ni ya nyuzi 20), ukigawanya kwa urefu wa chumba mara mbili, yaani 8.6, unapata kama 40.6 Hz (mitetemo kwa sekunde), ndo noti ambayo chumba chenyewe kinaivumisha. Sasa waya mnene kuliko wote wa gitaa la besi, ukipigwa bila kushikwa, ni E ya 41.2 Hz. Yaani chumba na ule waya vinaimba noti moja, na ukuta wa bloku hauruhusu besi itoke kirahisi kama zile nyumba za mbao na jipsamu za Marekani, kwa hiyo inabaki ndani inaenda inarudi inaenda inarudi mpaka noti ya pili inaikuta bado ipo.

Ndo nikaagiza miniDSP 2x4 HD na maiki yao ya kupimia, UMIK-1. Kiboksi kidogo tu, kina njia mbili za kuingiza sauti na nne za kutoa, kinakaa kati ya chanzo cha muziki na amplifaya, unakipangia kwa kompyuta alafu unachomoa waya, kinakumbuka chenyewe. Bei kwa kweli sio ya kitoto, kiboksi peke yake ni zaidi ya dola 200 kabla hujagusa usafiri na ushuru. Programu ya kupimia inaitwa REW, ni ya bure. Maiki ina faili lake la usahihi, unalipakua kwa namba iliyoandikwa kwenye maiki yako, usiruke hiyo hatua.

Ila kabla ya kugusa kiboksi nilihamisha sabufa. Ilikua kwenye kona, na kona ndo inaamsha kila mvumo wa chumba. Kuna njia ya kizamani inafanya kazi sana: weka sabufa pale unapokaaga, piga wimbo wenye besi inayotembea, alafu wewe tambaa chini pembeni ya kuta ukisikiliza, pale ambapo noti zote zinasikika sawasawa ndo unaiweka. Watoto walicheka sana lakini nilipata sehemu kwenye ukuta mrefu, mbele kidogo ya kabati la tivii, na hapo tu nusu ya kero iliisha.

Kupima sasa. Maiki usawa wa masikio, REW inapiga ule mlio unaopanda kutoka chini kwenda juu, grafu inatoka. Kwenye 41 Hz kulikua na mlima wa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) kama 12 juu ya majirani zake, umesimama peke yake. Nikaweka filta moja tu ya kukata, desibeli 9, nyembamba, hapohapo kwenye 41. Krosiova, yaani mpaka ambapo sabufa inaachia na spika zinapokea, nikaipeleka 80 Hz, nikachelewesha spika milisekunde kadhaa zifike sikioni pamoja na sabufa. Aisee. Nikarudia zile nyimbo za dansi, kila noti ina kamba yake, ngoma ya mguu inapiga inakata, na cha ajabu sasa naweka volyumu juu kuliko zamani na glasi zimetulia.

Kuna kitu kiboksi hakiwezi, mjue kabisa. Pale grafu inaposhuka kama shimo usijaribu kujaza, desibeli 10 za kuongeza ni nguvu ya amplifaya mara 10 na shimo linabaki palepale, unaunguza koili ya sabufa bure. Shimo linatibika kwa kuhamisha kiti au sabufa. Na wenye zile sabufa za seti, amplifaya na spika zote zinatoka boksi moja, mnaweza kukiweka kati ya tivii na seti mkakata mlima vizuri tu, ila kuchelewesha spika peke yake hamtaweza.

Kama hela ni ya mawazo nunua maiki kwanza, REW ni ya bure, hamisha sabufa, ziba matundu ya nyuma ya spika na sponji uone, inawezekana kiboksi usikihitaji. Mimi bado nina shimo karibu na 70 Hz upande wa kushoto wa sofa, kwa hiyo inayofuata ni sabufa ya pili, ntaiweka katikati ya ukuta unaotazamana na huu. Tatizo limebaki kumshawishi mama watoto.