Bima ya meno ya kujinunulia Marekani: nimeilipia miaka miwili, hesabu hizi hapa

Habari zenu, karibuni tena. Leo ni bima ya meno, ile unayojinunulia mwenyewe huku Marekani, siyo ya kazini. Mnaniuliza sana kama inalipa. Mimi nimekaa nayo miaka miwili hapa Houston, na risiti zote ziko mezani, hizi mnaziona.

Kwanza tuelewane, maana jina la bima linatupoteza. Bima ya gari unainunua kwa ajili ya ajali kubwa. Hii ya meno kazi ikiwa ndogo inalipa vizuri, kazi ikiwa kubwa inakuachia. Ina kikomo cha mwaka, mara nyingi kati ya dola 1,000 na 2,000. Yangu ilikuwa 1,500. Ukifika hapo, gharama inayobaki unalipa mwenyewe. Mpango wa kawaida ni 100, 80, 50: kukaguliwa na kusafishwa wanalipa yote, kuziba jino asilimia 80, kazi kubwa kama kuvalishwa kofia ya jino, yaani kifuniko cha jino zima (crown), wanalipa nusu. Na kazi kubwa ina kipindi cha kusubiri. Yangu miezi 12. Hiyo miezi 12 ishikeni, tutairudia.

Nililipa dola 38 kwa mwezi, 456 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza nikasafishwa ugaga mara mbili, pamoja na eksirei. Kwa taslimu, kliniki yangu ingenitoza 320 kwa mara zote mbili. Kwa hiyo hapo nimeshaliwa dola 136. Nikasema sawa, ndiyo bima, hujui kesho.

Mwezi wa tisa gego likapasuka. Daktari akasema livalishwe kofia, dola 1,300. Mimi nikapiga hesabu ya kijanja: nikisubiri miezi mitatu, bima inalipa nusu. Nikasubiri. Nikawa natafunia upande mmoja kama mbuzi mzee. Mwezi wa 13 narudi, mzizi nao umeoza. Sasa ni kutibu mzizi 1,100, kisha kofia 1,300. Jumla 2,400.

Bima ikalipa, siwezi kuisingizia. Nilitoa kwanza dola 50 zangu, ile sehemu mpango unataka uilipe mwenyewe kabla wao hawajaanza, kilichobaki wakagawa nusu: wao 1,175, mimi 1,225. Nikafurahi kweli, nikampigia mke wangu nikiwa bado nina ganzi mdomoni.

Furaha ikaisha nilipokaa na hizi risiti. Miaka miwili: ada 912, na 1,225 ya jino, jumla 2,137. Kama nisingekuwa na bima ningesafisha kwa 640, na lile jino ningelitengeneza palepale kwa 1,300. Jumla 1,940. Najua, huwezi kuapa kwamba mzizi ungepona. Lakini nisingengoja, na sababu ya kungoja ilikuwa bima yenyewe.

Kwa hiyo msimamo wangu. Mwajiri akilipa sehemu kubwa ya ada, chukua bila kufikiri. Ukijinunulia, uliza bei ya taslimu ya kusafisha kliniki kwako, iweke kando ya ada ya mwaka. Ada ikizidi sana, unanunua matumaini. Na kama una pengo la zamani unataka kuweka jino, soma masharti mpaka mwisho, kuna kampuni hazilipii jino lililotoka kabla hujajiunga.

Watoto ni habari nyingine. Wakiwa kwenye Medicaid, ile bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, meno yao yamo, usiwanunulie tena. Wazee wetu wenye Medicare ya asili, bima ya serikali ya wazee, ile haigusi matibabu ya kawaida ya meno, hao hesabu yao inaweza kutoka tofauti na yangu.

Na ambaye hana kitu kabisa: hapa Houston kuna chuo cha madaktari wa meno cha UTHealth, wanafunzi ndio wanaotibu, huku walimu wakiwasimamia, bei iko chini. Utakaa kitini muda mrefu, beba subira. Wapo pia wanaosubiri likizo wakatengeneze Dar au Nairobi. Kama safari ipo tayari, sawa. Ila jino lililopasuka halijui tarehe ya tiketi yako, hilo mimi nimeshalilipia.

Karatasi za mwaka huu zimekuja juzi, ada imepanda hadi dola 41. Hizi hapa. Sijasaini.