TAHADHARI: Adapta ya "hedifoni yoyote" inaunguza amplifaya za balansi

Wadau, zinauzwa adapta mtandaoni kwa maneno matamu: chomeka hedifoni yako ya jeki ya 3.5 mm upande huu, upande wa pili uingie kwenye tundu la balansi la 4.4 mm, 2.5 mm au XLR ya pini nne, upate "nguvu mara nne". Usinunue. Kama unayo tayari, isiguse amplifaya kabla hujaipima.

Jeki ya kawaida ya hedifoni ina sehemu tatu: ncha ni kushoto, pete ni kulia, shina ni njia ya kurudi ya masikio yote mawili. Yaani hasi ya kushoto na hasi ya kulia zimeshakuwa waya mmoja. Amplifaya ya balansi haifanyi kazi hivyo. Kila sikio lina nyaya zake mbili, na ile hasi si ethi (sehemu ya amplifaya yenye volti sifuri). Inasukumwa na saketi yake, ikitoa mawimbi yaleyale yaliyogeuzwa. Kwenye 4.4 mm ncha ni kushoto chanya, pete ya kwanza kushoto hasi, ya pili kulia chanya, ya tatu kulia hasi, na shina ni ethi. Adapta hii inaunganisha pete ya kwanza na ya tatu, na nyingine zinaongeza ethi humohumo. Hapo saketi mbili za kutoa sauti zinapigana zenyewe kwa zenyewe: ni shoti. Amplifaya yenye ulinzi itajizima. Isiyo nao itapata moto, sauti ikwaruze, mwisho IC (chipu) za kutoa sauti ziungue.

Usidanganyike na video ya muuzaji inayoonyesha muziki ukicheza. Hasi zikiunganishwa bila ethi, mkondo wa shoti unatokana na tofauti ya kushoto na kulia tu. Sauti ya mwimbaji aliye katikati iko sawa pande zote, kwa hiyo kwa sauti ya chini hutasikia kasoro. Weka wimbo wenye gitaa upande mmoja, pandisha sauti, ndipo kazi inaanza.

Adapta ya kinyume chake haina shida: jike la 4.4 mm, dume la 3.5 mm. Hiyo inapeleka hedifoni ya nyaya nne kwenye amplifaya ya kawaida, na kuunganisha hasi huko ni sahihi. Picha za hizi mbili zinafanana sana, na wauzaji wengine wanaziweka kwenye tangazo moja. Angalia dume liko upande gani.

Zipo pia za 4.4 mm zinazoziacha hasi zote mbili wazi na kurudisha mkondo kupitia ethi ya shina. Hizo haziunguzi, ila zinafanya kazi tu kama amplifaya imeunga ethi pale, na unapata nusu ya volti. Nguvu mara nne hakuna. Plagi ya 2.5 mm na XLR ya pini nne hazina hata mguso wa ethi wa kutumia.

Kupima: weka multimita kwenye omu, gusa pete ya kwanza na ya tatu za plagi ya 4.4 mm. Isome OL, yaani hakuna njia. Ikilia au ikionyesha karibu 0, itupe.

Kipimo hichohicho kinawakamata mafundi wanaokata jeki ya zamani na kulehemu plagi ya 4.4 mm kwenye kebo ya nyaya tatu, kisha wanaiuza kama hedifoni ya balansi. Hedifoni halisi ya balansi itasoma ukinzani wa koili kati ya ncha na pete ya kwanza, tuseme omu 32 au 300 kutegemea hedifoni, vilevile kati ya pete ya pili na ya tatu. Lakini hasi kwa hasi, OL.

Kuna na amplifaya zenye tundu la 4.4 mm la pambo tu, ndani hasi zote zimefungwa kwenye ethi. Hapa usipime omu, kwa sababu baadhi ya amplifaya halisi zina rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inayofunga matundu kwenye ethi zikizimwa. Lehemu nyaya fupi kwenye plagi tupu, zitenganishe zisigusane, cheza toni ya 100 Hz kwa sauti ya wastani, pima volti za AC. Kutoka ncha hadi pete ya kwanza zinapaswa kuwa kama maradufu ya ncha hadi shina. Vipimo viwili vikiwa sawa, umeuziwa tundu la pambo. Na sauti kuwa kubwa zaidi si ushahidi wa ubora: volti zikiwa maradufu ni dB 6 tu za ziada, jambo linalofanywa na kitufe cha geni, yaani cha kukuza mawimbi.

Ukidai kurudishiwa pesa, piga picha moja inayoonyesha namba ya mita na ncha za mita zikiwa juu ya pete zenyewe. Maelezo ya "sauti haikunipendeza" wanayakataa kirahisi.