Mashine ya Kupandia Mahindi na Maharage: Ipi Ununue, Ipi Uikodi

Ukienda kununua mashine ya kupandia, beba nusu kilo ya mbegu ileile utakayopanda. Punje za mbegu chotara hutofautiana mfuko kwa mfuko: nyingine bapa, nyingine za mviringo, nyingine ndogo za nchani mwa gunzi. Tundu la mashine likiwa kubwa kuliko punje, zinaingia mbilimbili na mbegu inakuishia katikati ya shamba. Likiwa dogo, punje inakwama au inapasuka, na punje iliyopasuka haioti. Muuzaji asiyekuruhusu kujaribu mbegu yako, mwache na mashine yake.

Mpangilio huu unamhusu mwenye ekari 1 hadi 10 za mahindi na maharage. Kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, mbegu moja kila shimo, ekari ina mashimo karibu 18,000, na mistari yake ukiiunganisha inafika kilomita 5.4. Kazi hiyo ndiyo mashine inayokuja kuipunguza, kwa hiyo ipime kwa hesabu hiyo.

1. Kipandio cha mkono cha kuchoma ardhini

Hiki ndicho tunachokiweka mbele kwa mwenye ekari 1 hadi 3. Ni mbao au mabomba mawili yaliyoungwa karibu na chini, yenye mdomo wa chuma. Wakulima wadogo wa Brazili wamekitumia miaka mingi, wao hukiita matraca. Kinapanda penye mawe, visiki, mteremko, na shamba lisilolimwa lenye mabua juu, mahali ambapo mashine za magurudumu hushindwa. Vipuri vyake ni vichache, na fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kukirekebisha.

Matumizi yake yana mpangilio mmoja ambao wengi huukosea. Mikono ikiwa imepanuliwa, mdomo umefunga. Choma ardhini hivyohivyo, sentimita 5. Kisha kutanisha mikono: mdomo unafunguka na mbegu inaanguka. Kitoe mikono ikiwa bado imekutana, ndipo uipanue tena. Ukichoma mdomo ukiwa wazi, udongo unajaa ndani na utapanda mashimo hamsini matupu bila kujua. Fukia kwa unyayo na ukanyage kidogo, maana mbegu isiyogusana na udongo hainywi maji.

Kwa mashimo 25 kwa dakika, ekari inamaliza saa 12 za kazi, yaani siku mbili kwa mtu mmoja. Nunua chenye visanduku viwili, cha mbegu na cha mbolea.

2. Planta ya kukokotwa na ng'ombe

Kama una maksai waliozoea jembe na shamba linazidi ekari 3, hii ndiyo yenye faida kubwa. Inachana mfereji, inadondosha mbegu na mbolea, inafukia na kushindilia kwa safari moja. Moyo wake ni sahani yenye matundu inayozungushwa na gurudumu kwa mnyororo. Angalia sahani ngapi zinakuja nayo, na udai ya mahindi, ya maharage, na moja isiyotobolewa ambayo fundi ataitoboa kulingana na mbegu yako. Sahani za plastiki huvunjika, kwa hiyo ulizia kama muuzaji anaziuza mojamoja.

Kasoro yake kubwa ni gurudumu kuteleza. Kwenye udongo tifutifu sana au wenye matope gurudumu linaburuzwa bila kuzunguka, sahani inasimama, na unaona mapengo ya mita nzima wiki mbili baadaye. Chagua lenye meno ya chuma kuzunguka ukingo. Kila mwisho wa mstari inyanyue kabla ya kugeuza, la sivyo mbegu inamwagika kwenye kona.

3. Ngoma ya kusukuma yenye midomo

Hii ni ngoma, yaani gurudumu lenye midomo kuzunguka, unasukuma kama toroli. Kwa mwendo wa kawaida unamaliza ekari ndani ya nusu siku, na kwenye kichanga au tifutifu iliyolimwa vizuri inapanda safi. Tumeiweka ya tatu kwa sababu ya udongo wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha, midomo inaziba mmoja baada ya mwingine, na ukisimama juu huoni chochote. Kwenye ardhi ngumu midomo haizami, mbegu inabaki kina cha sentimita 2 na ndege wanaifukua.

Kabla ya kulipa, bonyeza kila mdomo kwa kidole. Springi irudi yenyewe na midomo ifunge bila mwanya. Nafasi kati ya mashimo hubadilishwa kwa kuongeza au kupunguza midomo, na usiamini namba zilizoandikwa kwenye boksi. Isukume kwenye udongo laini, pima kutoka shimo la kwanza hadi la kumi na moja, ugawe kwa 10. Shambani tembea na kijiti kikavu cha kuzibulia, na kila mwisho wa mstari uzungushe ngoma ukikagua midomo yote.

4. Za pawatila na za trekta

Kodi. Planta ya mistari miwili ya pawatila (trekta dogo la kushika kwa mikono) inalipa pale tu inapofanya kazi kwenye mashamba mengi ndani ya wiki zile chache za kupanda. Kikundi kinaweza kuinunua. Mtu mmoja wa ekari 5 atakuwa na chuma kinacholala miezi 11.

Kwa bustani, mashine ndogo ya mstari mmoja kama EarthWay inafaa kwa bamia na maharage. Mbegu za kabichi huteleza nyuma ya sahani na kukwama. Kabichi na nyanya pandeni kitaluni kama kawaida. Kwa mpunga wa kwenye majaruba kuna ngoma za plastiki zinazovutwa kwa mkono, mistari ya sentimita 20: mbegu iloweke saa 24, ifunike saa 24, na chipukizi isizidi milimita 2, ikirefuka inajifunga na haitoki.

Mtihani wa mbegu na wa mbolea

Tandika turubai, inua gurudumu, lizungushe mara 20, kisha hesabu punje zilizoanguka na zilizopasuka. Halafu isukume mita 12 kwenye sakafu: kwa nafasi ya sentimita 30 tarajia punje 40. Zikikosekana 2 si neno. Zikikosekana 6, badilisha sahani. Mbegu yenye dawa inayonata huingia vizuri zaidi ukiichanganya na poda kidogo ya talki, na uvae glavu.

Mbolea ndiyo inayoharibu mashine na mbegu pia. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, kwa ekari ni kama gramu 9 kwa kila mita ya mstari. Funga mfuko wa nailoni kwenye bomba la mbolea, tembea mita 20, upime: itoke kama gramu 185. Mdomo wa mbolea uwe kando ya mbegu kwa sentimita 5 na chini kidogo. Mashine inayotupa vyote kwenye shimo moja itaunguza mizizi, hasa mvua ikichelewa, na urea isiingie humo kabisa. Jioni usiache hata punje ya mbolea kisandukuni, maana inavuta unyevu, asubuhi ni jiwe, na chuma kinaanza kuliwa na kutu. Osha, anika, paka oili.

Siku ya kupanda, baada ya mstari wa kwanza simamisha kazi. Fukua mita 3 kwa mkono, taratibu: kwa sentimita 30 unapaswa kukuta mbegu 10, zote kwenye kina cha sentimita 4 hadi 6, pembeni ya mbolea. Rudia kila unapojaza kisanduku, na kila udongo unapobadilika rangi shambani.